Shamba Ambalo Halikuwepo

Jumanne iliyopita mjane wa Mwalimu Yeremia alinipigia simu. Nilikuwa nimeinama juu ya cherehani hapa Jeppestown, nimebana pini tatu mdomoni, na niliposikia sauti yake nilizitoa moja moja kabla ya kujibu. Alisema Mwalimu amefariki, kisukari kimemmaliza, mazishi ni Jumamosi, na watu wa ofisini kwake watakuja nao hawajui Kiswahili hata kidogo. "Dada Riziki, batu yote banasema ni weye unajua kutafsiri muzuri," akaniambia. "Utusaidie ile siku." Marehemu mwenyewe alikuwa mkalimani, hiyo ndiyo kazi iliyomlisha maisha yake yote hapa Johannesburg, na kati ya watu wote wa jiji hili wakaniona mimi ndiye wa kumkalimania siku ya kuzikwa. Nilimwambia nitafikiri. Baada ya kukata simu nilishona mkono wa gauni la mteja kinyume, ikabidi niufumue wote.

Hasira yangu kwa Mwalimu Yeremia ina miaka minane sasa, na nimeitunza vizuri. Watu wa kanisani huniambia niiache, eti inazeesha, eti inapandisha presha. Presha yangu iko sawa, nimepima. Wanaonihimiza nisamehe hawajawahi kuniuliza ninasamehe nini. Basi niseme. Mwaka ulionifanya niwe hivi nilivyo ni 2017, na nilikuwa na miaka thelathini na tisa, umri ambao mtu anadhaniwa ameshakomaa na hana jipya la kujifunza. Kabla ya mwaka ule nilikuwa fundi cherehani kutoka Uvira, mwimbaji wa alto katika kanisa la Wakongo, mwanamke asiye na mume ambaye akina mama wa kanisa walimwombea mume kila mwisho wa mwezi. Nimependa wanawake tangu nilipopata akili, na maombi yale nilikuwa nikiyaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Kanisa lilikuwa ghorofani, juu ya karakana ya kupiga magari rangi, kwa hiyo tulimsifu Mungu huku tukinusa rangi. Mwalimu Yeremia ndiye aliyefundisha kwaya. Siku za kazi alikuwa mkalimani katika ofisi wanakohojiwa wakimbizi, ofisi ambayo sitaitaja, na Jumapili alikuja na suti ileile ya kazini. Sitamdhulumu: alikuwa mwalimu hodari. Kwake huimbi wimbo mpya mpaka uuseme kwanza, bila sauti ya wimbo, umesimama peke yako mbele, naye amekwenda kukaa benchi la mwisho kabisa. Kama neno moja halikumfikia kule nyuma, unaanza upya. "Maneno kwanza," alisema kila mara. "Sauti ni gari tu, maneno ndiyo abiria. Usiangushe abiria wa mutu mu njia." Nilimpenda kwa hilo. Nilishona sare zote za kwaya yake, na nilijivunia kwamba niliimba chini ya mtu anayeheshimu neno namna ile.

Mwezi wa pili wa mwaka ule Nomvula aliingia chumbani kwangu kwa kushonea akiwa amebeba majora mawili ya kitambaa begani. Alikuwa mwalimu mstaafu wa muziki, mzaliwa wa Soweto, mwanamke mwenye mvi na kicheko kifupi, akiongoza kwaya ya mtaani iliyokutana kila Jumamosi mchana sebuleni kwake, kule mtaa wa Observatory. Alitaka majoho ishirini meusi yenye kola ya rangi za upinde wa mvua. Nilielewa mara moja ni kwaya ya watu gani, nikajifanya sikuelewa. Nilikwenda kuwapima. Kifua cha mwimbaji hakipimwi akiwa kimya. Lazima aimbe, ajaze pumzi, ndipo uzungushe tepu, la sivyo joho litambana kwenye noti ndefu. Basi niliwapima wakiimba, mmoja baada ya mwingine, mikono yangu ikiwazunguka watu waliokuwa wakitaja wapenzi wao kwa majina bila kupunguza sauti. Sakafu ilikuwa ya mbao, piano ilikuwa na vibonyezo viwili vilivyokufa, na kutoka jikoni ilikuja harufu ya maharagwe na mkate uliopikwa kwa mvuke. Nilipofika kwa mtu wa kumi na mbili nilikuwa nimeshaanza kuimba alto bila kujijua. Nomvula alinisogezea tu karatasi ya wimbo.

Nilirudi Jumamosi iliyofuata kupeleka majoho matatu ya kwanza, ingawa yote ishirini yangeweza kusubiri. Kisha nikarudi bila joho lolote. Pale ndipo nilipomkuta Sudi, Mwislamu wa Tanga mwenye spaza, kiduka cha mtaani, kule Soweto, na sauti ya tena, nyembamba ya kutoa machozi, ambaye tangu siku ya kwanza alinichokoza. "Nyie Wakongo Kiswahili mnakipiga nyundo," aliniambia. "Njoo kwangu nikufundishe." Nilimwambia yeye anakinyunyizia manukato mpaka mtu hajui anachosema. Tulikuwa tunakula jikoni tumesimama, sahani mkononi, na maongezi ya jikoni yale ndiyo yaliyonivunja moyo na kuniunga. Huyu amefukuzwa chumba alichopanga. Yule dada yake amepigwa na watu anaowajua kwa majina, na polisi waliandika kwamba alianguka. Kisha mtu anaomba chumvi. Mjadala uliorudi kila wiki ulikuwa mmoja, kama tuimbe hadharani na nyuso wazi. Nomvula alishikilia hapo tu. Alisema anayeimba amejificha anawapa watu sababu ya kuamini kwamba kuna cha kuficha. Sudi alimjibu kwamba nyumba yake Nomvula ina ukuta na geti, wakati duka lake yeye lina bati na kufuli moja, na siku mtaa ukijua, hawatasubiri sababu. Wote wawili walikuwa na haki. Mimi niliendelea kutafuna.

Bahati nilimpeleka kwenye kwaya ile mimi mwenyewe. Alikuwa mlinzi kwenye maegesho ya magari, kijana wa miaka ishirini na saba, kutoka Uvira kama mimi, mwenye besi nzito iliyotikisa vioo vya kanisa letu. Alikuja kuchukua suruali niliyompunguzia, akaona majoho yametundikwa. Alishika kola moja kwa vidole viwili, muda mrefu. "Yaya," akasema, kama kwetu tunavyomwita dada mkubwa, "hii korali iko fasi gani?" Nilimtazama nikajua, naye akajua kwamba nimejua. Nilimwandikia anwani nyuma ya karatasi ya vipimo. Tangu hapo tulikuwa na kwaya mbili sote wawili, Jumamosi moja na Jumapili nyingine, tukirudi Jeppestown kwa miguu na kucheka njia nzima.

Sasa nifike kwenye kosa, na kosa ni langu. Mwezi wa tano Bahati aliitwa kuhojiwa kuhusu ombi lake la hifadhi. Kiingereza chake kilikuwa cha kuelekeza magari, lakini kilitosha. Kingemfikisha kwa kuchechemea. Alitaka kujieleza kwa Kiingereza. Mimi ndiye niliyemkataza. Nilimwambia jambo zito hivyo uliseme kwa lugha unayoota nayo, omba mkalimani. Aliposikia mkalimani wa siku ile atakuwa Mwalimu Yeremia alitaka kughairi. "Yule iko mutu wa kanisa, Yaya." Nikamwambia hiyo ndiyo bahati yenyewe. Nikamwambia Mwalimu anaweza kukununia, anaweza kukuombea, lakini neno lako hatalipindisha. Si unamjua na maneno? Alinisikiliza. Alinisikiliza kwa sababu aliniita yaya, na yaya hakupeleki mahali pabaya.

Alirudi jioni ile amechangamka. Alisema alieleza yote, na Mwalimu hakupepesa macho, alimgeukia afisa na kusema kwa Kiingereza cha haraka, cha chini. Bahati aliyakamata maneno mawili, la kaka na la moto, akaona basi yamefika.

Barua ilikuja mwezi wa nane. Aliileta Observatory ikiwa bado imefungwa, ili Nomvula amsomee. Tulikuwa tumekaa chini, mazoezi hayajaanza, mtu alikuwa anamenya machungwa. Nomvula alisoma pole pole, na mimi nikamgeuzia Bahati kwa Kiswahili. Ombi limekataliwa. Kisha sababu. Mwombaji anaeleza kwamba aligombana na kaka yake juu ya shamba la baba yao, na kaka yake akamchomea nyumba. Ugomvi wa shamba ni jambo la kifamilia na si msingi wa hifadhi. Nilipofika kwenye neno shamba Bahati alinizuia kwa mkono.

"Shamba gani?" akauliza.

Nomvula alirudia kusoma. Niligeuza tena. Shamba.

"Yaya, sisi hatukuwaka na shamba. Papa alikuwa anauzisha sabuni."

Ndipo Bahati akatusimulia alichosema kwa Mwalimu, na ndiyo siku ya kwanza mimi kukisikia chote. Kaka alibaki. Moto ulibaki. Kilichoondolewa ni kimoja tu, mtu ambaye Bahati alimpenda, na mahali pake pakalimwa shamba. Nilitaka kuomba radhi na sikupata neno katika lugha zote nne ninazozijua.

Jumapili yake nilimkuta Mwalimu kanisani mapema, anapanga viti peke yake. Nilikuwa nimevaa sare. Nilimuuliza kama Bahati alimtajia shamba.

"Hapana," akasema, wala hakushtuka.

"Sasa lilitoka wapi?"

Aliweka kiti chini, akautazama mlango. "Nilimusitiri. Yule kijana iko na mama kule Uvira, iko na bajomba. Zile karatasi zinasomwaka na batu. Unataka nitamke ile maneno na hii kinywa ninaimbiaka Mungu?"

"Wanamrudisha, Mwalimu. Watamrudisha kwa kaka yake."

"Mungu atamulinda." Kisha akashusha sauti, na aliniangalia kwa huruma, hicho ndicho kinachoniwasha mpaka leo, ilikuwa huruma ya kweli. "Na weye pia nimekusitiri, Dada Riziki. Unawaza sijui Jumamosi unaendaka fasi gani?"

Niliimba ibada nzima siku ile. Ndiyo, niliimba. Nilisimama mstari wa pili, nikafungua mdomo alipoinua mkono. Ninasema hili ili mtu asidhani nilikuwa jasiri. Nilipofika nyumbani ndipo nilipoelewa kwamba neno lile, kusitiri, lilikuwa limeniendesha miaka thelathini na tisa. Walionificha walijiona wema. Kila aliyenifunika alidhani ananikinga na baridi, na mimi nilikuwa nakosa hewa.

Rufaa ilikuwa na siku chache. Nomvula alitafuta mwanasheria wa kujitolea, naye akasema ataandika, ila maandishi hukaa kwenye meza muda mrefu, na ingefaa ofisi ijue kwamba kuna watu wanaofuatilia. Nomvula akasema kufuatilia tunajua namna moja tu. Jumamosi ile hatukufungua wimbo wowote wa zamani. Niliwaeleza namna ya Mwalimu Yeremia, maneno kwanza, na ilinichoma kutumia chombo chake, lakini kilikuwa chombo kizuri. Bahati alisimama karibu na piano. Sisi sote tulikwenda jikoni na barazani, mbali iwezekanavyo. Akasema. Sudi alitaka kuyapamba kidogo, ayape vina. Bahati alikataa. Alisema yakipambwa watu watasikiliza mapambo. Yakabaki hivi: Ninaitwa Bahati. Nilimpenda mwanamume. Walichoma nyumba yangu, na kaka yangu ndiye aliyeleta kiberiti. Hakuna shamba. Nomvula akayatafutia sauti nne, kwa Kiswahili, kisha Kizulu, kisha Kiingereza, ili asiwepo mtu wa kusimama katikati.

Tulikwenda Jumatatu asubuhi. Mstari wa wakimbizi ulikuwa umeizunguka ofisi, na nilijua kabla ya kufika kwamba nusu ya mstari ule wananijua. Nimewashonea. Nimewaimbia kwenye harusi. Sudi alitupeleka na gari lake la kubebea bidhaa, akaegesha kando ya barabara, akasema hashuki, tusimlazimishe. Hatukumlazimisha. Tulivaa majoho palepale kwenye nyasi. Nomvula alinipanga mbele, nami nikamwambia niko vizuri nyuma. "Alto mbele," akasema kwa Kiingereza, kama vile ni suala la muziki tu.

Bahati alianza peke yake. Nikaona vichwa vinageuka. Nilimwona mama mmoja wa kanisa letu, aliyekuwa na mtoto mgongoni, akiniangalia usoni, kisha kwenye kola, kisha usoni. Zamu ya alto ilipofika sikuingia. Kisha kutoka kwenye lile gari nikasikia ile sauti nyembamba ya Sudi. Alikuwa ameteremsha kioo, amejilaza kwenye kiti asionekane, na anaimba kwa nguvu zote. Nikaingia. Niliimba kwamba nilimpenda mwanamume, mimi ambaye sijawahi, na sikuwahi kusema kweli zaidi ya ile maishani. Mtu alitutupia maganda ya machungwa. Mama yule wa kanisa akasema, bila kupaza sauti, "Riziki, aibu." Tulipofika kwenye Kizulu walinzi wa getini waliacha kucheka. Mwalimu Yeremia alitoka na faili lake kwapani, akasimama ng'ambo kabisa ya uwanja, mwisho wa mstari, mahali ambapo kanisani pangekuwa benchi la mwisho. Niliyasema maneno mpaka kule. Najua yalimfikia, kwa sababu alitazama chini. Tuliurudia wimbo mara sita. Kwenye ya sita afisa mmoja alikuja kwenye uzio, akauliza kwa Kiingereza, Bahati ni nani?

Alihojiwa upya, na mkalimani mwingine, mama wa Kirundi asiyesali kwetu. Karatasi yake ilichukua miaka miwili tena, kwa hiyo asije mtu kuniambia kwamba muziki ulifungua milango. Mlango ulifunguliwa ufa, na tuliusukuma mpaka 2019. Leo Bahati anaishi Durban na mwenzake, na bado ananiita yaya, heshima ambayo sijui kama ninaistahili. Sudi hakushuka kwenye lile gari, na hakuna aliyewahi kumlaumu. Mimi walinijia wiki ileile, wanawake watatu wa kanisa, wakiwa na barua ya kunitenga. Waliitaka sare yangu, nikawapa imekunjwa. Kisha mmoja wao akatua kifurushi kwenye meza yangu ya kukatia: kitambaa cha sare mpya za Krismasi. Kutengwa nimetengwa, lakini fundi mwingine hawakuwa naye. Nilicheka mpaka wakaogopa. Niliwashonea. Niliwapima wakiwa wamefunga midomo, na Krismasi ile, nimeambiwa, noti ndefu ziliwashinda wote.

Jumamosi hii nilikwenda kwenye mazishi. Nilivaa nguo nyeusi ya kawaida. Nilisimama pembeni ya mchungaji, na watu wa ofisini, watatu, walikaa mstari wa mbele wakinitazama mdomo. Nilikuwa nimelala na wazo moja tu, kwamba leo maneno yao yamo mikononi mwangu, na hakuna atakayejua nikiyageuza. Mchungaji alisema Mwalimu alikuwa baba mwema. Nikasema alikuwa baba mwema. Alisema alifundisha wengi kuimba. Nikasema. Kisha akasema, "Na katika kazi yake hakupindisha hata siku moja neno la mtu mnyonge." Kanisa likaitikia amina. Mimi nilisita. Wale watatu walisubiri. Shamba zima lilipita mbele ya macho yangu, na mihogo yake. Kisha nikalisema kwa Kiingereza, neno kwa neno, kama lilivyosemwa, mpaka benchi la mwisho.

Baadaye, uani, watu wakila sombe, kisamvu chetu, na wali kwenye viti vya plastiki, mjane alinishika mikono miwili. Alikuwa analia. "Aksanti, Dada Riziki," akasema. "Umemusitiri mwalimu wako."

"Hapana, mama," nikamjibu. "Nimesema mlichosema ninyi. Ni hilo tu."

Alinitazama, na sijui kama alielewa. Nilimwacha na wageni wake. Karibu na mlango mmoja wa wale watatu wa ofisini, mama wa Kizulu, alikuwa amesimama na sahani yake hajui akae wapi. Alinishukuru kwa kazi, akaniuliza kama nilimfahamu marehemu vizuri. Nikamwambia ndiyo, vizuri sana. Akauliza, kwa adabu tu, alikuwa mtu wa namna gani.

Nikavuta viti viwili. Nikamwambia akae, ale taratibu, kwa sababu habari yenyewe ni ndefu, na inaanzia kwenye shamba ambalo halikuwepo.